SOMO LA VIKUNDI: DAWA ZA WASIWASI, NAFUU YA LEO NA DENI LA KESHO

Kila mwaka, msimu wa ununuzi unapokwisha na ukaguzi wa hesabu unapokaribia, makatibu wengi hukosa usingizi. Magunia yaliyopokewa hayalingani na yaliyosafirishwa, wakulima wanadai malipo ya pili, na daftari la fedha lina pengo lisilopatiwa maelezo. Wasiwasi wa namna hiyo si ugonjwa. Ni kengele ambayo maumbile yamempa mwanadamu ili ajihadhari, na aghalabu hunyamaza mara hesabu zinapokubaliana.

Lakini yuko mtu ambaye kengele yake hainyamazi. Hesabu zimekubaliana, wakaguzi wamekwenda zao, na bado moyo wamwenda mbio, mikono yatetemeka, kifua chabana, na usiku anakesha kwa hofu ambayo mwenyewe hajui chanzo chake. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi, ikamzuia kufanya kazi na kukaa kwa raha na watu wake, hayo ni maradhi, tena maradhi yanayotibika. Si uvivu, wala si upungufu wa imani.

Na ichukuliwe kwa mfano habari ya katibu wa chama cha msingi aliyefikwa na hali hiyo. Badala ya kwenda zahanati, anapokea kwa jirani vidonge vitatu vya diazepamu vilivyobaki nyumbani. Usiku huo analala fofofo. Vikiisha, ananunua vingine dukani bila cheti cha mganga. Mwezi wa pili kidonge kimoja hakimlazi tena, naye anameza viwili. Siku anapovikosa anatetemeka kuliko mwanzo, akadhani ugonjwa umezidi. Je, amekosea wapi? Jibu litapatikana kwa kulinganisha dawa ambazo waganga huziandika mara kwa mara.

1. Dawa za haraka

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, waganga walitumia dawa ziitwazo babituriti. Zilituliza, lakini kipimo cha kutibu kilikuwa karibu mno na kipimo cha kuua. Mwaka 1955 ilitoka meprobameti huko Marekani, ikasifiwa sana, kisha ikadhihirika kwamba nayo huutia mwili mazoea. Ndipo Leo Sternbach, mkemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, alipogundua jamii ya dawa ziitwazo benzodiazepini. Ya kwanza iliuzwa kuanzia mwaka 1960 kwa jina la Librium. Diazepamu ikafuata mwaka 1963 kwa jina la Valium. Baadaye zikaja lorazepamu na alprazolamu.

Dawa hizi zote hufanya kazi kwa njia moja. Ubongo una kemikali yake ya kupunguza msisimko, mfano wa breki ya gari, nazo huiongezea breki hiyo nguvu. Anayemeza huona nafuu upesi, mara nyingi katika muda wa saa moja. Zinazotofautiana ni siku na saa za kukaa mwilini. Nusu ya alprazolamu huondoka kwa muda wa saa 11 hivi, ya lorazepamu kwa saa 10 hadi 20, na ya diazepamu kwa saa 20 hadi 50, tena mabaki yake yenye nguvu hukaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo dawa ya muda mfupi huisha upesi, na wasiwasi huweza kurudi kabla ya kidonge kingine. Ile ya muda mrefu hujilimbikiza, hasa kwa wazee, ambao huweza kupepesuka, wakaanguka na kuvunjika mifupa.

Hatari zake ni tatu. Kwanza ni usingizi na uzito wa akili: karani wa mizani husoma vibaya, na dereva wa lori huhatarisha roho za watu. Pili, zikichanganywa na pombe, au na dawa kali za maumivu kama mofini na tramadoli, pumzi huweza kupungua hata mtu akafa. Tatu ni mazoea. Mwili ukizizoea, jambo linaloweza kutokea katika majuma machache, huzidai. Mtu akiziacha ghafla hukosa usingizi, hutetemeka, na pengine huanguka kama mwenye kifafa. Kwa sababu hiyo, mwaka 1984 benzodiazepini nyingi ziliwekwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa za aina hiyo. Septemba 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo la mazoea liandikwe kwa mkazo zaidi kwenye maelezo ya dawa hizi zote.

Haifai, hata hivyo, kuzilaani. Diazepamu imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Huokoa maisha ya mwenye degedege, na humsaidia anayeacha pombe chini ya uangalizi wa mganga. Kwa wasiwasi, kazi yake ni ya siku chache, wakati wa shida kubwa.

2. Dawa za polepole

Kundi la pili ni la dawa zinazohifadhi katika ubongo kemikali iitwayo serotonini. Fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na sertralini mwaka 1991. Zilianza kama dawa za sonona, yaani huzuni ya maradhi, kisha ikaonekana kwamba zinatibu wasiwasi pia. Leo waganga wengi huanza na kundi hili pale ambapo wasiwasi ni wa muda mrefu.

Tabia yake ni kinyume cha kundi la kwanza. Hazionyeshi kazi siku ile ile, bali huhitaji majuma 2 hadi 6. Tena katika siku za mwanzo huweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa na hata kuzidisha wasiwasi kidogo. Wengine hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa. Wagonjwa wengi hukata tamaa hapo, wakatupa dawa kabla haijafanya kazi. Anayevumilia hupata nafuu isiyomlazimu kuongeza vidonge kila mwezi. Akishapona, aghalabu huendelea nazo kwa miezi kadhaa, kisha hupunguziwa taratibu, kwa kuwa kuziacha ghafla huleta kizunguzungu. Vijana walio chini ya miaka 25 wanapaswa kuangaliwa kwa makini majuma ya mwanzo, maana baadhi yao hujiwa na mawazo ya kujiua.

Katika hospitali nyingi ipo pia amitriptilini, dawa ya zamani zaidi na ya bei nafuu. Hukausha kinywa, huleta usingizi na kufunga choo. Vidonge vingi kwa pamoja huweza kuusimamisha moyo, hivyo hapana budi ihifadhiwe mbali na watoto, na mbali na mtu aliyekata tamaa.

3. Dawa ya dalili za mwili

Propranololi ilitokana na utafiti wa James Black wa Uingereza katika miaka ya 1960, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Dawa hii haiondoi hofu yenyewe. Hupunguza mbio za moyo na kutetemeka kwa mikono, basi hufaa kwa mtu ambaye shida yake huja kwa wakati maalumu, kama vile anapolazimika kusimama mbele ya mkutano mkuu. Haitii mwili mazoea kama benzodiazepini, lakini mwenye pumu asiiguse, kwa kuwa huweza kuziba njia za pumzi.

4. Ulinganisho

Mkulima wa kahawa aelewa vyema habari ya kuuza mazao yangali maua mtini. Fedha hupatikana siku ile ile, na shida ya nyumbani hutatuliwa. Lakini siku ya mavuno kahawa si yake tena, naye hulazimika kuuza maua ya mwaka unaofuata. Benzodiazepini zitumiwapo mfululizo huwa hivyo: mtu hununua utulivu wa usiku huu kwa utulivu wa mwezi ujao. Dawa za polepole zafanana na akiba: mwanzo huona hasara, na faida huja baadaye.

Sasa yaonekana katibu yule alipokosea. Kosa lake halikuwa kutafuta dawa. Alitumia dawa ya siku chache kwa maradhi ya miezi mingi, tena bila mtu wa kumpimia. Hata hivyo asizitupe leo vidonge hivyo na kuacha papo hapo, maana hapo ndipo penye hatari. Aende kwa mganga, aseme bila kuficha amemeza vingapi na kwa muda gani, apangiwe kuvipunguza kidogo kidogo. Mganga atachunguza pia kama tezi ya shingo au upungufu wa damu ndio unaompiga moyo, na atauliza habari ya pombe, miraa na vikombe vya kahawa. Yako pia matibabu ya mazungumzo, ambayo kwa wengi hufanya kazi sawa na vidonge.

Na chama kina wajibu wake. Katibu anayebeba ufunguo, fedha na daftari peke yake amebebeshwa mzigo wa watu watatu. Fedha zihesabiwe na watu wawili, hesabu zifungwe kila mwezi, na anayeumwa apewe ruhusa ya kwenda hospitali bila kunong'onwa. Hayo hayauzwi katika duka la dawa.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini dawa inayoleta nafuu upesi si lazima iwe ndiyo inayofaa kwa muda mrefu?
2. Mwanachama amemeza diazepamu kwa miezi sita na sasa ataka kuacha. Ashauriwe nini?
3. Kwa nini vidonge vya jirani visipokewe, hata kama maradhi yaonekana kuwa yale yale?
4. Ni kazi zipi katika chama chenu zinazobebwa na mtu mmoja, nazo zaweza kugawanywa?