Kuondoa Mifugo Kundini: Maswali na Majibu ya Marudio

Maswali haya yanawafaa wanaojiandaa kwa mtihani wa ufugaji ngazi ya cheti. Mifano mingi inatoka Mgeta, wilayani Mvomero, kwenye miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru. Huko hasara ya kumweka mbuzi asiyefaa huonekana upesi.

Swali la 1. Kuondoa mnyama kundini maana yake nini?

Ni kumtoa kwenye kundi la uzalishaji kwa sababu iliyopimwa, ili wanaobaki wawe bora au wapate nafasi na malisho ya kutosha. Kwa kawaida huchinjwa au huuzwa kwa nyama. Ukimchinja mbuzi wa harusi hujafanya kazi hii, maana yule umemchagua kwa unono wake. Kuwaua kunguru wa India kule Zanzibar na Dar es Salaam nako ni jambo jingine, kwani shabaha ni kuwamaliza kabisa. Anayejibu "ni kuua wanyama wengi" anakosa alama: kiini cha jibu ni uteuzi.

Swali la 2. Kwa nini kazi hii ina uzito wa pekee Mgeta?

Mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway walifikishwa huko katika miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopo Morogoro mjini. Baridi ya mlimani iliwafaa. Lakini mashamba ni madogo, yamening'inia kwenye miteremko mikali, na hakuna mbuga ya kuwaachia mbuzi wajitafutie. Wanafugwa bandani, na majani hukatwa na kubebwa kichwani, mara nyingi na akina mama na watoto. Mbuzi asiyezaa anakula mzigo uleule wa majani anaokula mwenye lita mbili. Samadi yake inasaidia kabichi na viazi, ni kweli, lakini samadi hata mbuzi mzuri anatoa.

Swali la 3. Taja sababu za kumwondoa mbuzi jike wa maziwa.

Maziwa machache kwa uzao zaidi ya mmoja. Kiwele kilichokufa upande mmoja au kinachougua tena na tena licha ya matibabu. Kupandwa mara kadhaa na beberu mzima bila kushika mimba. Kutupa mimba mara kwa mara. Kutokubali watoto wake. Meno yaliyong'oka hata akashindwa kutafuna.

Meno yanastahili maelezo. Mbuzi ana meno manane ya mbele, yote taya la chini. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu huota akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, na kufikia miaka minne jozi zote nne huwa zimekamilika. Baada ya hapo hupanuka, huachana, huvunjika. Hata hivyo umri peke yake hautoshi kumhukumu. Mbuzi mzee anayezaa vizuri na kula vizuri abaki, na watahini hupenda kukutega hapo.

Kuhusu mimba, chunguza kwanza kabla ya kumlaumu jike. Beberu ni mzima? Alipelekwa siku zake zikiwa zimeshapita? Majike wengi wameondolewa kwa kosa la beberu au la mchungaji.

Swali la 4. Mbuzi A anatoa wastani wa lita 1.5 kwa siku kwa siku 90, kisha anakauka. Mbuzi B anatoa wastani wa lita 0.9 kwa siku kwa siku 210. Nani aondoke?

A: 1.5 × 90 = lita 135. B: 0.9 × 210 = lita 189. B amemzidi mwenzake kwa lita 54, na amelisha nyumba muda mrefu zaidi. Mambo mengine yakiwa sawa, anaondoka A. Aliyechungulia ndoo asubuhi moja ya mwezi wa pili angemwondoa B. Ndiyo maana daftari la kukama ni la lazima, hata liwe kurasa chache zilizoshonwa kwa uzi.

Swali la 5. Madume wachanga wafanyweje?

Wengi wao wahasiwe na kunenepeshwa kwa nyama. Anayebaki kuwa beberu awe mtoto wa mama mwenye kumbukumbu nzuri, mwenye korodani mbili zilizoshuka na mataya yanayokutana. Asikae banda moja hadi awapande binti zake; wafugaji jirani wabadilishane mabeberu. Angalieni pia pembe. Wazazi wote wawili wakiwa wamezaliwa bila pembe, baadhi ya watoto wao huzaliwa huntha, wasioweza kuzaa. Hao huondolewa mapema, na dawa ni kuhakikisha mmoja wa wazazi ana pembe.

Swali la 6. Mfugaji anauza mbuzi kila mwaka, lakini kundi lake linazidi kudhoofika. Eleza.

Hili ndilo swali ninaloliona muhimu kuliko yote, na ndilo lenye majibu mafupi mno kwenye karatasi za wanafunzi. Ada ya shule ikidaiwa Januari, mnunuzi anapoingia bandani hunyoosha kidole kwa mbuzi mwenye mgongo ulionyooka na kiwele kikubwa. Bei yake ni nzuri, na mwenye shida anakubali. Mbuzi dhaifu hapati mteja, kwa hiyo anabaki, na ndiye anayepandwa msimu unaofuata. Mfugaji ameteua kinyume bila kujua. Huo ni umaskini unaopita kwenye damu ya mifugo, na hatuna haki ya kumwita mtu huyo mzembe. Ushauri wa afisa mifugo uanzie mapema: wasiofaa wanenepeshwe na kutengwa kwa ajili ya siku ya shida, na ukoo wa mbuzi bora usiguswe. Vikundi vya kuweka na kukopa vinasaidia hapa kuliko mhadhara wowote.

Swali la 7. Je, mnyama mgonjwa huondolewa kila mara?

Hapana. Anayetibika atibiwe. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, ni suala tofauti: haina tiba, inaenea upesi, na ikithibitika nguruwe huuawa na kufukiwa chini ya usimamizi wa serikali, mzuri na mbaya pamoja, huku usafirishaji ukizuiwa. Haimwambukizi binadamu.

Swali la 8. Utamtambuaje kuku aliyeacha kutaga?

Kilemba kimesinyaa na kupauka, tundu la kutagia ni kavu na dogo, na kati ya mifupa ya nyonga hupita kidole kimoja tu. Kwa anayetaga hupita viwili au vitatu.

Swali la 9. Nani mwenye haki ya kuamua? Tumia mfano wa historia.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya iliwalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe, ikidai ardhi inakwisha. Wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig's pale Athi River kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Maelfu ya Wakamba waliandamana hadi Nairobi. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini serikali ilirudi nyuma. Waluguru wanaijua hali hiyo: mwaka 1955 waliasi kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Mmomonyoko wa udongo ulikuwepo kweli pande zote mbili, na shuruti ikaifanya hata hoja ya kweli ichukiwe.

Swali la 10. Mnyama aliyeondolewa aende wapi?

Kwa mchinjaji, na nyama ikaguliwe. Kama alipewa dawa, zisubiriwe kwanza siku zilizoandikwa kwenye kibandiko. Asiuzwe kwa jirani kama mbuzi wa kuzalisha, wala asitolewe kulipia mkopo wa mbuzi katika kikundi. Anayefanya hivyo anamhamishia mama mwingine miaka ya kukata majani bila maziwa. Andika namba ya hereni, tarehe na sababu, kisha msomee mnunuzi.