Mbwamwitu Asile Zamu za Wenzake

Barua ya wiki hii inatoka kwa kijana anayeongoza mchezo wa Dungeons & Dragons na rafiki zake wanne, kila Jumamosi jioni. Mmoja wao ana mbwamwitu. Wa pili ana bundi wa kichawi. Wa tatu anadai lile yai la joka walilolikuta pangoni liwe lake, akalilee. Wa nne ni mpiganaji wa upanga, hana hata kuku, na sasa amenuna. "Dada," ananiuliza, "niwanyang'anye wanyama wote?"

Usiwanyang'anye, mdogo wangu. Mtu anayekaa mezani mpaka saa nne usiku akijifanya mwindaji wa msituni, huyo mbwamwitu ndiye aliyemleta. Ukimchukua, utabaki na kiti kitupu.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: ulitoka Marekani mwaka 1974, watunzi wake Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ya pande 20 ndiyo inayoamua kama upanga umepata au umekosa. Wahusika hupanda ngazi kadiri wanavyoendelea. Basi, mengine mtayaokota njiani.

Waongozaji wengi wakitaka kumpunguza mnyama hukimbilia meno yake. Wanashusha nguvu ya kung'ata, wanampunguzia mbio, mwisho wanakuwa na mbwamwitu asiyemtisha hata panya. Mimi nakwambia meno yaache. Kinachouma mezani ni zamu: nani anatenda mara ngapi, na wenzake wanasubiri muda gani kabla hawajashika dadu tena.

Tuchukue mfano wenyewe. Katika kitabu cha sheria, Player's Handbook ya 2014, mwindaji wa kundi la Beast Master hupata mnyama akifika ngazi ya 3. Mbwamwitu wa ngazi hiyo, ukimjumlishia na anachopewa na bwana wake, anaongeza 6 kwenye dadu. Adui mwenye kinga ya 16 atang'atwa mara 11 kati ya 20. Lakini mbwamwitu hupigana kikundi: mwenzake yeyote akiwa kando ya adui, anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Hapo anapata karibu mara 16 kati ya 20, na kila ng'ato ina wastani wa pointi 9. Mshale wa bwana wake una wastani wa 7 na nusu.

Umeona? Meno hayakuwa dhaifu hata kidogo. Tatizo lilikuwa kwamba ili mbwamwitu ang'ate, mwindaji alitakiwa kutoa tendo lake zima la zamu hiyo. Kwa hiyo kijana aliyejitengenezea mhusika mwenye upinde mzuri anakaa pale akisema "mng'ate, mng'ate", na mshale hautoki. Akifika ngazi ya 5 anaruhusiwa kuamuru na kupiga mara moja, afadhali kidogo, ila wakati huo balaa jingine limeshaingia. Mbwamwitu wake ana pointi 20 za uhai, na wachawi wa upande wa pili wameanza kurusha mpira wa moto, ambao wastani wake ni 28. Mpira mmoja, mbwa chini.

Nikisoma sheria zile naona watunzi walikuwa wanaogopa. Na walikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu katika toleo la 2003 mganga wa msituni, druidi, alipewa mnyama tangu ngazi ya kwanza, mnyama anayepigana kwa zamu yake huku bwana wake akiendelea na uchawi wake kama kawaida. Mpiganaji wa upanga alibaki kushika miwani ya kutazamia. Basi wakabana, wakabana kupita kiasi. Mimi ubahili ule nauona mbaya kuliko ukarimu uliopita mpaka, maana mchezaji mwenye mnyama asiye na faida hatalalamika kwa sauti. Ataacha tu kuja.

Dawa ilitoka mwaka 2020, kwenye kitabu cha Tasha's Cauldron of Everything, na toleo la 2024 likaifuata. Mwindaji sasa anamwamuru mnyama kwa tendo dogo la ziada la zamu, mishale yake inabaki mikononi mwake. Uhai wa mnyama wa nchi kavu ni 5, kisha 5 nyingine kwa kila ngazi ya bwana wake. Piga hesabu ya ngazi ya 5: pointi 30. Ule mpira wa moto wa 28 unamchoma, anabaki amesimama na pointi 2, manyoya yanafuka moshi. Na mezani, niamini, huo ndio wakati watu wanapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Asipoamriwa, anakwepa tu, habuni mambo yake.

Wenzao wa mchezo wa Pathfinder, toleo la pili la 2019, walifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine ninayoipenda zaidi. Kila mchezaji ana matendo matatu kwa zamu. Akitoa moja kumwamuru mnyama, mnyama anapata mawili. Bei iko wazi kabisa, hakuna wa kubishana naye.

Sasa kama mezani kwako bado mnatumia vitabu vya 2014, kuna uchawi mmoja unaoitwa Conjure Animals ambao nakuomba uuangalie kwa jicho kali. Druidi wa ngazi ya 5 anaweza kuita wanyama wadogo wanane kwa mpigo. Mbwamwitu wanane wakimzunguka adui, kila mmoja na dadu zake mbili, ni dadu 16 kabla mtu mwingine hajafungua kinywa. Zamu mezani ni kama bomba la maji la mtaa: mmoja akija na madumu manane, foleni yote inasimama, hata kama maji yanatosha. Toleo la 2024 limewaunganisha wote kuwa kundi moja la wanyama wa kiroho linalojibiwa kwa urushaji mmoja wa adui. Chukua sheria hiyo uitumie hata leo, huhitaji ruhusa ya mtu.

Bundi ni kesi ndogo. Kwetu akilia juu ya paa watu wanamtafutia fimbo, ila kwenye mchezo huu kila mchawi anamtaka. Kwa sheria za 2014 haruhusiwi kushambulia. Anachofanya ni kushuka, kumbabaisha adui ili mwenzake arushe dadu mbili, halafu anapaa bila kuguswa. Kila raundi. Inachosha, nakubali. Lakini ana pointi 1 ya uhai, na adui mwenye upinde na akili timamu akibabaishwa mara mbili atamlenga. Kumrudisha kunataka saa nzima na ubani na mkaa wa dhahabu 10. Usimuue kwa hasira, ila usimkinge pia. Na ukitaka kumbana kwa hadithi, wapeleke kwenye kijiji kinachomwogopa bundi kama sisi, uone mchawi atalala wapi.

Haya, yai. Hapa ndipo wewe mwenyewe uko kwenye hatari, kwa sababu joka halimo katika orodha ya wanyama wa mwindaji wa Beast Master na utashawishika kulitungia sheria mpya usiku wa manane. Usitunge. Kitabu cha 2020 kinatoa maumbo matatu tu, la nchi kavu, la majini na la angani, kisha sura unajichorea. Chukua lile la angani, lipake magamba, sema ni joka changa. Mwenye yai asipokuwa mwindaji, uhai uhesabu kwa ngazi yake, na kuliamuru kumgharimu tendo zima, maana mwindaji alilipia mnyama wake kwa kuacha mambo mengine. Umbo lile ni dogo kuliko mtu wa kawaida, kwa hiyo halimbebi, na hiyo ni salama yako: mhusika wa ngazi ya 3 anayeruka hana ukuta, hana shimo, hana mto, na maandalizi yako yote ya wiki yanakwisha kwa "naruka juu yake". Wakisisitiza kupanda, wape mnyama wa muda. Sanamu ndogo za kichawi za mchezo huu zinaonyesha namna ya kuweka mpaka wa muda: mbwa wa jiwe jeusi, kwa mfano, hukaa na wewe saa 6, kisha humwoni tena kwa siku 7. Mnyama wa namna hiyo watu humtumia kwa akili.

Tumrudie aliyenuna. Jumamosi ijayo, bila kutangaza, weka karatasi pembeni na uchore mstari kila mtu anaporusha dadu. Mwindaji pamoja na mbwamwitu wake wahesabu kama mtu mmoja. Mpiganaji wa ngazi ya 5 anapiga mara mbili kwa zamu. Mwindaji na mnyama wakiwa na mapigo matatu, vumilia, maana tendo lao dogo limeshatumika. Wakizidi hapo, una la kurekebisha. Wasipozidi, basi mpiganaji haonei wivu mapigo, anaonea wivu mapenzi: kila mtu anauliza mbwamwitu amekula nini, hakuna anayeuliza upanga wake ulitoka kwa nani. Hilo halirekebishwi kwa namba. Mpe upanga wenye historia, au mbwamwitu alale miguuni pake usiku wa zamu ya ulinzi. Na siku mhusika wake akizimia vitani, mkabidhi yeye dadu za mnyama asikae bure.

La mwisho ni kifo, na waongozaji wengi hulikwepa. Sheria za 2020 zinamruhusu mwindaji kumrudisha mnyama ndani ya saa moja kwa kutumia nafasi moja ya uchawi. Zile za 2014 zilimwambia atumie saa 8 kumzoea mwingine, kana kwamba amepoteza mwavuli. Kuna wachezaji wanaotaka mnyama awe katika hatari kweli, na kuna wanaocheza wiki nzima wakimfikiria mbwa wao halisi aliyekufa mwaka jana. Kwa sura huwezi kuwatofautisha. Muulize mwenye mbwamwitu, faraghani, kabla ya Jumamosi: akianguka, tunafanyaje? Ukishasikia jibu lake, liheshimu.