Chukua Uzi, Pima Kiuno
Kijitabu cha kaya za Kibosho zenye vijana wa miaka 10 hadi 19

Tatizo letu
Desemba magari yakipanda kutoka Dar na Arusha, bibi anamshika mjukuu mashavu: "Umenawiri!" Kumbe kinachonawiri ni tumbo. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayokaribisha kisukari na presha, na yanaweza kumkaa hata kijana mwenye mikono myembamba. Usikadirie kwa macho.

Namna ya kupima
Kijana avue viatu, asimame wima, visigino na mgongo vikigusa ukuta. Weka daftari bapa kichwani, tia alama ukutani. Chukua uzi usiovutika, upime kutoka sakafuni hadi kwenye alama, ukate. Sasa ukunje katikati uwe nusu, sawasawa.

Inua shati. Zungusha uzi huo uliokunjwa kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Apumue kawaida, pima pumzi ikishatoka. Asivute tumbo ndani (watavuta, hasa wavulana). Usikaze.

Ncha zikikutana, vizuri. Zikibaki na mwanya, kiuno kimezidi nusu ya urefu: mpeleke akapimwe. Mwenye futi ya fundi cherehani atumie hiyo; kijana wa sentimita 150, kiuno kisizidi 75.

Mara ngapi?
Kila shule zinapofungwa.

Ukiona mwanya
Uzi hautaji ugonjwa, unakuambia nenda. Nenda zahanati au Hospitali ya Kibosho. Hapo atapimwa uzito, urefu, presha, na sukari ikibidi. Usichukue hesabu ya uzito ya watu wazima ukampima nayo mtoto wa miaka 13. Wahudumu wana chati ya umri na jinsia. Usimpime mbele ya wageni. Usimwite "bonge". Usimnyime chakula, bado anakua. Usimnunulie chai wala vidonge vya kupunguza mwili. Na usiseme "mbona anaonekana mzima": usikadirie kwa macho!

Soda
Chupa moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Kwenye kipaimara anamaliza mbili kabla ya pilau, na nyumbani tunamwongezea juisi ya pakiti tukidhani ni tunda. Maji yawe ndiyo kinywaji cha kila siku. Mtori na machalari siyo adui. Punguza mafuta, ongeza mboga. Shule ikiwa karibu, aende kwa miguu, bodaboda ibaki kwa safari ndefu.

Mwembamba naye?
Naye apimwe. Usikadirie kwa macho.

Usisubiri likizo
Ngozi ya shingo au kwapa ikiwa nyeusi na nene kama uchafu usiotoka kwa sabuni, mpeleke wiki hii. Kiu isiyoisha, kukojoa usiku kucha, kukonda ghafla: mpeleke leo. Akitapika, akihema kwa nguvu au akilegea, mkimbize hospitali sasa hivi, hata kama uzi ulikutana.