Somo: Kupoza Tabo Kabla ya Kuzima Lori

Malori mengi ya dizeli yabebayo mazao ya wanachama yana tabo, yaani kifaa chenye feni mbili katika mhimili mmoja. Feni ya kwanza huzungushwa na moshi wa moto utokao katika injini. Ya pili husukuma hewa ndani ya injini ili ipate nguvu. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao hulainishwa na kupozwa na oili ya injini.

Dereva azimapo injini mara tu baada ya kupanda mlima na shehena, pampu ya oili husimama. Oili iliyobaki katika tabo huungua, ikawa masizi magumu yazibayo njia zake, na beringi huliwa. Basi, na aiache injini iungurume dakika 3 hadi 5 bila kukanyaga mafuta. Lakini ikiwa mwendo wa mwisho ulikuwa wa taratibu, tabo imekwisha kupoa njiani. Kungoja zaidi ni kupoteza dizeli. Tabo nyingine hupozwa kwa maji pia. Hivyo kitabu cha gari ndicho kifuatwe.

Katibu na aiandike kanuni hii katika kitabu cha safari. Tabo ikifa wakati wa msimu, mazao hulala ghalani, na gharama hulipwa kwa fedha za wanachama.

Swali la kujadili: Dereva wa chama chenu hufanya nini afikapo ghalani?