Kicheko Kinapobadilika: Kufundisha Maigizo ya Vita kwa Mfano wa Tamthilia ya M*A*S*H

1. Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa la sita, katika shule ya msingi isiyo mbali na Lutindi, nikimtazama mwanachuo wangu akifundisha maigizo. Watoto waliigiza vita. Askari mmoja alijitwika sufuria kichwani, akajifunga gunia kiunoni na kujifanya kichaa ili mkubwa wake amruhusu kurudi nyumbani. Darasa zima lilicheka. Mwanachuo alicheka, nami nikacheka. Mtoto mmoja wa dawati la mbele hakucheka. Baada ya kipindi alimwendea mwalimu, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, babu yangu yuko hospitali pale juu. Yeye hajifanyi."

Wakazi wa Korogwe na Handeni hawahitaji kuelezwa ni hospitali ipi. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, na tangu mwanzoni mwa karne ya 20 imewahudumia wagonjwa wa akili. Mwanachuo hakuwa na jibu la kumpa mtoto yule. Mimi pia, pamoja na stashahada yangu ya ualimu, sikuwa nalo. Katika fomu ya tathmini nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba somo lilikuwa changamfu.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu anayejiandaa kufundisha maigizo ya kuchekesha, hasa yale yanayogusa vita, maradhi na misiba. Hayamshauri aogope kicheko. Somo lisilo na kicheko hata kidogo huchosha. Yanamshauri ajue kwamba kicheko hakikai mahali pamoja, na kwamba kazi yake ni kuwafundisha watoto kukitazama kinavyobadilika. Kwa mfano nimechagua tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyochekesha watu juu ya vita kwa miaka kumi na moja, kisha nitarudi kwetu, kwenye ngoma ya beni.

2. Tamthilia yenyewe

M*A*S*H ilianza kuonyeshwa na kituo cha CBS tarehe 17 Septemba, 1972, ikamalizika tarehe 28 Februari, 1983. Ilitokana na riwaya ya Richard Hooker ya mwaka 1968 na filamu ya mwaka 1970. Jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya hospitali ya upasuaji ya jeshi, yenye kuhamahama. Visa vyake vinatokea Korea, katika vita vya mwaka 1950 hadi 1953. Vita vyenyewe vilidumu miaka mitatu. Kichekesho juu yake kilidumu zaidi ya mara tatu ya muda huo. Yafaa pia ikumbukwe kwamba tamthilia ilipoanza, askari wa Marekani walikuwa bado wanapigana Vietnam. Watazamaji waliona vita vya zamani huku masikio yao yamejaa habari za vita vya siku zile.

3. Ilivyobadilika

Mabadiliko ya tamthilia hii yaweza kugawanywa katika mambo manne.

(a) Kicheko chenyewe. Kituo kilitaka tamthilia iwekewe vicheko vilivyorekodiwa, kama ilivyokuwa desturi ya vichekesho vya wakati ule. Watengenezaji hawakupenda. Hatimaye ilikubaliwa kwamba vicheko hivyo visisikike katika chumba cha upasuaji. Kadiri miaka ilivyopita, vilipunguzwa pia mahali pengine. Mwanachuo na azingatie uamuzi huo: si kila chumba ni mahali pa kuchekea.

(b) Kifo. Katika miaka ya mwanzo majeruhi walikuja kwa machela, wakashonwa, wakaondoka, na mizaha ikaendelea. Tarehe 18 Machi, 1975, ilionyeshwa sehemu ambamo Kanali Henry Blake, mkuu wa hospitali, mtu mpole na wa kuchekesha, anaagwa ili arudi kwao. Mwishoni karani Radar anaingia katika chumba cha upasuaji na kuwaarifu wenzake kwamba ndege ya Blake imetunguliwa na hakuna aliyepona. Wengi wa waigizaji walifichwa ukurasa huo wa mwisho mpaka karibu na wakati wa kuuigiza. Barua nyingi za malalamiko zilifika. Watazamaji walikuwa wamesahau kwamba vita huua hata mtu anayetuchekesha.

(c) Wahusika. Meja Frank Burns alikuwa mjinga wa kuchekwa tu. Mwigizaji wake, Larry Linville, aliondoka mwaka 1977, na mahali pake pakachukuliwa na Meja Winchester, mwenye majivuno, lakini daktari hodari na mpenda muziki. Kumcheka mjinga ni rahisi. Kumcheka mtu mwenye thamani humlazimu mchekaji kufikiri. Vivyo hivyo muuguzi mkuu, Margaret Houlihan. Mwanzoni alikuwa shabaha ya mizaha ya wanaume. Baadaye akawa kiongozi mwenye upweke wake na heshima yake.

(d) Wazimu. Hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa Lutindi. Klinger, aliyeigizwa na Jamie Farr, alivaa magauni ya kike ili adhaniwe hana akili timamu na kurudishwa nyumbani. Kwa miaka kadhaa magauni hayo yalikuwa chemchemi ya kicheko. Mwaka 1979 Radar alipoondoka, Klinger alikalia kiti cha karani, na polepole magauni yakaachwa. Katika sehemu ya mwisho, iliyotazamwa na Wamarekani zaidi ya milioni 100, tunamkuta Hawkeye, bingwa wa mizaha aliyeigizwa na Alan Alda, ndani ya hospitali ya magonjwa ya akili. Anakumbuka safari ya basi ambamo abiria walijificha kimya ili adui asiwasikie, na mwanamke mmoja akamnyonga kuku wake aliyekuwa akipiga kelele. Daktari wa magonjwa ya akili anamwongoza taratibu mpaka kumbukumbu ya kweli inajitokeza. Hakuwa kuku. Alikuwa mtoto mchanga, na Hawkeye ndiye aliyekuwa amemkaripia mama amnyamazishe.

Tamthilia iliyoanza na askari anayejifanya kichaa ikamalizika na mchekeshaji ambaye akili yake imejeruhiwa kweli. Wahenga walisema: mzaha mzaha hutumbua usaha. Hapa usaha ulikuwapo tangu mwanzo, na kwa miaka kumi na moja mzaha uliufunika kama bendeji.

4. Mfano wa kwetu: beni

Mwanachuo aweza kusema kwamba shule yake haina televisheni, na kwamba watoto wa Usambara hawaijui Korea. Ni kweli. Lakini Waafrika wa mwambao walikuwa na mchezo wao wa kijeshi muda mrefu kabla ya televisheni. Beni ilianza katika mwambao wa Kenya miaka ya 1890, na jina lake limetokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga tarumbeta. Wachezaji walivaa kijeshi, wakaenda gwaride, wakapeana vyeo vikubwa vikubwa vya Kizungu. Tanga na Dar es Salaam ziliona mashindano makali ya vyama viwili, Marini na Arinoti. Wengine wameiona beni kuwa dhihaka kwa wakubwa. Wengine wameiona kuwa tamaa ya kufanana nao.

Kisha vita vilikuja kweli. Mapigano yalitokea Tanga mwezi wa Novemba, 1914, na mwezi wa Juni, 1916, majeshi ya Uingereza yalipita Korogwe na Handeni. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa katika vita vile. Askari na wapagazi waliosalia waliichukua beni mpaka mbali barani. Nchini Malawi ikazaa malipenga, ambamo vibuyu vilitoa sauti ya tarumbeta. Katika miji ya migodi ya Zambia ikazaa kalela. Kufikia miaka ya 1950 wachezaji wake walivaa nguo nadhifu za mjini badala ya sare, na miongoni mwao walikuwamo "daktari" na "muuguzi". Gwaride lililokuwa mchezo kabla ya mwaka 1914 halikuweza kuwa na maana ile ile kwa mtu aliyebeba mizigo ya vita na kuwazika wenzake njiani.

5. Hatua za somo

Somo lifuatalo ni la Kiswahili, darasa la sita, dakika 40. Lengo: mwanafunzi aweze kueleza jinsi igizo moja linavyoweza kuchekesha na kuhuzunisha, kutegemea anayelitazama na wakati analolitazama. Zana: kofia ya makaratasi, kipande cha kanga, ubao.

Hatua ya kwanza (dakika 5): Simulia kwa ufupi habari za beni. Uliza nani amewahi kumsikia mzee akitaja vita. Usimlazimishe mtoto kusema.

Hatua ya pili (dakika 10): Kikundi kimoja kiigize gwaride la kuchekesha. Waache watoto wacheke.

Hatua ya tatu (dakika 15): Andika ubaoni maswali matatu: Nani anacheka? Anamcheka nani? Anayechekwa angekuwapo hapa, angecheka nasi? Kisha igizo lirudiwe, safari hii mmoja wa askari awe amepokea habari ya msiba. Wasibadili maneno mengine.

Hatua ya nne (dakika 10): Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu kueleza kilichobadilika. Soma chache kwa sauti, bila kutaja majina ya waandishi.

Mwalimu ajihadhari na mambo mawili. Asigeuze kipindi kuwa mahubiri; swali la tatu litafanya kazi yenyewe. Wala asimtaje hadharani mtoto ambaye nyumbani kwao kuna mgonjwa au msiba.

6. Hitimisho

Mwanachuo yule alirudi darasani siku ya tatu. Hakuwagombeza watoto. Aliwaomba waigize tena mchezo ule ule, lakini safari hii yule askari asiwe anajifanya. Mvulana mwenye sufuria alisimama kitambo bila kujua aanzie wapi, kisha akaivua na kuketi chini. Mwenzake akamletea maji. Kulikuwa na kicheko kimoja tu, pale maji yalipomwagika, na mtoto wa dawati la mbele alicheka pia.

Fomu ya pili ya tathmini sikuandika kwamba somo lilikuwa changamfu. Niliandika kwamba mwalimu alijua nani yumo darasani mwake.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mtu mwenye thamani ni vigumu zaidi kumcheka kuliko mjinga?
2. Taja igizo au ngoma ya kijijini kwenu ambayo maana yake imebadilika. Waulize wazee ilikuwaje zamani.
3. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 juu ya igizo lenye mhusika mgonjwa, ukionyesha mahali ambapo watoto watacheka na sababu yake.