Anayekuja Baada Yako: Adabu za Mazoezi Kiwayu

Anayetaka kufanya mazoezi Kiwayu, kisiwa cha kaunti ya Lamu nchini Kenya, hahitaji kadi ya uanachama. Anatoka nje tu. Kisiwa ni chembamba na kirefu, upande mmoja kinapigwa na bahari kuu, upande wa pili kinatazamana na bara ng'ambo ya mkondo, na mchanga ni wa kila mtu. Raha iko hapo, na ugomvi pia unaanzia hapo. Jimu ya mjini ina msimamizi wa kumwambia mtu arudishe vyuma mahali pake. Ufuoni hakuna msimamizi, wala hayupo katika ua wa nyumba ambamo vijana hukusanyika jioni kunyanyua vyuma vya saruji. Ni lazima kila mmoja ajisimamie, na njia nyepesi ya kujisimamia ni kujua nani amekutangulia mahali hapo na nani anakuja baada yako.

Waliotangulia ufuoni ni wavuvi. Maji yakipwa, mchanga uliolowa hukaza na ndio mzuri wa kukimbilia. Yakijaa, unabaki mchanga laini wa juu, palepale nyavu zinapoanikwa na mashua zinapovutwa. Kwa hiyo panga mbio zako kwa kupwa na kujaa. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, hivyo aliyekimbia alfajiri ya leo maji yakiwa yamepwa, wiki ijayo saa hiyohiyo atakuta yamejaa. Siku za bamvua uwanja huwa mpana zaidi, na hizo ndizo siku za kuchezea mpira au kukimbia kwa kikundi.

Wavu ulioanikwa huzungukwa, haurukwi. Mguu ukinasa, macho kadhaa hukatika, na mwenyewe atakaa kivulini kuyashona moja moja wakati wenzake wameshatweka. Kamba ya nanga nayo si ya kupigishia mawimbi kama zile kamba nene za kwenye video za mazoezi. Ikichakaa hapa, itakatikia baharini. Usijivutie juu kwenye foromali ya chombo cha mtu bila ruhusa. Ukiitaka, mwendee mwenyewe: "Asalaam aleikum, ami, naomba kutumia chombo chako kidogo." Akikataa, sema ahsante.

Wako pia waliotangulia wasioweza kulalamika. Kiwayu imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, na katika fuo zake hutaga kasa na ng'amba. Mama hupanda usiku, huchimba juu ya mstari wa maji kujaa, na mayai hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili. Basi mazoezi ya kuruka na kubeba magogo yafanyikie chini, kwenye mchanga ambao maji yatauosha. Ukiona kiota kimewekewa alama, pita mbali. Ukichimba shimo la kuchomekea mlingoti wa goli, lifukie kabla ya kuondoka, kwa sababu kitoto cha kasa kikitumbukia hakiwezi kupanda, na kaa hukifikia kabla ya jua. Tochi zizimwe. Vitoto hutafuta bahari kwa kufuata upande wenye mwanga, na taa yako inaweza kuvirudisha vichakani.

Usiku wenyewe una jambo lake. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi katika mji wa Mpeketoni, kaunti ya Lamu iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na eneo hili liko jirani na mpaka wa Somalia. Mgeni anayependa kukimbia kabla ya mapambazuko amwarifu mwenyeji wake, aulize upi upande wa kukimbilia, na asielekeze simu kwa askari au boti ya doria.

Mavazi hayana mjadala mrefu. Kijiji ni cha Waislamu, na mwanamume hujisitiri kati ya kitovu na magoti; kaptura ishuke chini ya goti, na fulana ivaliwe kabla ya kufika kwenye nyumba za watu. Mgeni wa kike aliyekuwa akiogelea ajifunge leso au kikoi anaporudi. Adhana ikilia, muziki huzimwa. Kijijini kukiwa na msiba, spika haiwashwi kabisa, hata kama mazoezi yanaendelea. Vikundi vya kukimbia huku vikiimba, kama vile vya Unguja ambako kila tarehe 1 Januari huadhimishwa Siku ya Mazoezi, vinapendeza sana, lakini alfajiri kwenye kijiji kidogo kuna mtoto aliyelala na mgonjwa ambaye ndiyo kwanza amepata usingizi.

Sasa tuingie uani, penye kelele nyingi zaidi. Chuma cha kawaida ni bomba la maji lililochomekwa kwenye makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Kabla ya kukinyanyua, kiinamie utazame pale bomba linapoingia kwenye zege. Ukiona ufa mwembamba wa rangi ya kahawia, au kopo likicheza ukilizungusha kwa mkono, kiweke pembeni. Chumvi ndiyo adui. Mchanga wa pwani usiooshwa hubaki na chumvi inayolila bomba kwa ndani, na siku moja kopo hutoka likiwa juu ya uso wa mtu. Anayetengeneza kipya aoshe mchanga kwa maji ya mvua na ajaze makopo yaliyo sawa kwa kipimo kimoja. Lita moja ya zege lililokauka ina takriban kilo 2.4, kwa hiyo kopo la lita 4 lina kilo 9 na ushei. Andika uzito kwa rangi ubavuni, ili anayekuja asibahatishe kwa mgongo wake.

Kero kubwa kuliko zote ni mtu kukalia benchi na simu mkononi huku wenzake wanne wamesimama. Kupumzika baina ya seti kunahitaji dakika moja hadi tatu, na muda huo unamtosha mwenzako kufanya yake. Pokezaneni. Muulize aliyepo, "Kaka, umebakisha seti ngapi? Tunaweza kupokezana?" Huyo naye asijifanye hakusikia. Ukimaliza, punguza uzito uliouongeza na usikibwage chuma chini. Zege likipasuka, mmepoteza wote.

Jasho ni suala la afya. Choa, ambacho wengi huita mashilingi, huambukizwa kwa ngozi, kwa taulo na kwa vitu vinavyoguswa na wengi. Kila mtu aje na kikoi chake cha kutandika kwenye benchi, na asikiazime. Benchi lisuguliwe kwa maji ya sabuni kisha likaushwe juani. Mwenye choa apake dawa na akae mbali na vyuma vya pamoja mpaka apone, na wenzake wasimcheke, maana akichekwa atakificha. Aliyechubuka kwa bomba lenye kutu aoshe jeraha vizuri na aulize kituo cha afya kuhusu chanjo ya pepopunda. Kuhusu kuoga, visiwa hivi hutegemea sana maji ya mvua yanayokingwa kwenye jabia, yaani birika lenye sakafu ya kukingia mvua. Jitose baharini kwanza, kisha jisuuze kwa maji kidogo uliyoteka ukaenda nayo kando. Kuoga juu ya sakafu ya jabia ni kuwanywesha majirani jasho lako.

Kuna pia mwalimu asiyeitwa, anayemsahihisha kila mtu kwa sauti. Mwacheni mtu afanye alivyozoea, ila kukiwa na hatari. Chuma kikimkalia mwenzako kifuani, usisubiri kuombwa: mmoja ashike kila ncha, nyanyueni pamoja. Na picha ziombwe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria, aliyevua fulana akinyanyua chuma hakukubali kuonekana na ulimwengu mzima.

Jambo ninalolitilia mkazo zaidi ni wanawake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka kila mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli, wala halikusema wanaume peke yao. Wanaobeba ndoo za maji kila siku wana nguvu tayari. Wanachokosa ni mahali pasipo macho ya watu. Vijana wenye vyuma watoe saa moja, kwa mfano asubuhi watoto wakishakwenda shule, ua ufungwe na simu zibaki nje. Ratiba ipangwe na akina mama wenyewe, ibandikwe mlangoni, na kijana atakayesahau kitu chake ndani asubiri hadi saa yao iishe.