Kwa Nini Nyigu wa Paraguay Aliletwa kwenye Mihogo ya Afrika

Itazame kwa karibu ncha ya mmea wa muhogo ulioshambuliwa na kidung'ata. Majani ya juu yamejikunja na kubanana, vifundo vya shina vimesogeleana, na katikati kuna kitu cheupe kama unga. Hiyo ni nta. Chini yake yumo mdudu laini wa rangi ya waridi, amechomeka mrija wake kwenye mmea na anafyonza utomvu. Mate yake huudumaza mmea. Muhogo uliopoteza majani hauna pa kutengenezea wanga, na wanga ndio unaojaza mizizi tunayoila. Kisamvu nacho hukosekana, na pingili za kupanda msimu ujao huwa dhaifu.

Mdudu huyu alianza kuonekana Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika eneo la Kongo, kisha akasambaa karibu ukanda wote wa muhogo barani. Yako maeneo yaliyopoteza hadi 80% ya mavuno.

Aliwezaje? Tuanze na hesabu. Vidung'ata wa aina hii wote ni majike, nao huzaa bila dume. Tuseme kila mama anaacha mabinti 10 tu walio hai. Kizazi cha kwanza ni 10, cha pili 100, na cha tano 100,000. Hakuna shamba linaloweza kubeba hesabu hiyo kwa muda mrefu. Kwa hiyo, popote mdudu huyu anapoishi bila kumaliza mihogo, lazima kuna kitu kinachoua karibu watoto wote wa kila mama. Afrika kitu hicho hakikuwapo.

Sababu iko kwenye historia ya zao lenyewe. Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioanza kuuleta Afrika katika karne ya 16. Kwa karne nyingi ulistawi huku bila kumjua kidung'ata. Alipofika, alifika peke yake, na wadudu wanaomla wakabaki kwao.

Dawa ya kunyunyizia haikuwa jibu. Nta humkinga mdudu, majani ya mmea ni mboga ya nyumbani, na mkulima wa muhogo mara nyingi hana fedha ya kununua dawa kila msimu. Ilibidi kumtafuta adui wake huko alikotoka.

Kazi hiyo iliongozwa na Mswisi Hans Herren, aliyejiunga na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA mjini Ibadan, Nigeria, mwaka 1979. Msako ulianzia Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na ukapata mdudu anayefanana sana na yule wa Afrika. Alikuwa spishi nyingine: yeye ana madume na majike, na maadui zake hawakufaa kwa kidung'ata wetu. Hapa ndipo ninapoona thamani ya wataalamu wa kuainisha wadudu, ambao kazi yao husifiwa kwa nadra. Bila jicho lao, miaka ingepotea kwa kumfuga nyigu asiyefaa.

Mwaka 1981, Tony Bellotti wa CIAT, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kolombia, alimpata kidung'ata mwenyewe nchini Paraguay. Pamoja naye alikuwapo nyigu mdogo, asiyefikia hata milimita 3. Jike la nyigu huyu hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Buu likianguliwa humla mwenyeji wake kutoka ndani, hadi libaki ganda kavu la kahawia. Nyigu mpya hutoboa tundu la duara kwenye ganda hilo, akatoka na kwenda kutafuta mwingine.

Kabla ya kuletwa Afrika, nyigu hao walipitishwa karantini London. Ilikuwa lazima kuhakikisha hawabebi wadudu wanaowashambulia wao, la sivyo maadui wa nyigu wangeingia Afrika pamoja nao. Baadaye mwaka huohuo wakaachiwa Nigeria, kisha katika nchi nyingine nyingi, na vidung'ata wakapungua.

Uzuri wa mbinu hii ni kwamba inajirekebisha. Vidung'ata wakiongezeka, nyigu wanapata pa kutagia na wanaongezeka pia. Wakipungua, nyigu nao hupungua, lakini hawaishi kabisa. Mkulima hanunui kitu. Kwa sababu hiyohiyo ni vigumu kumpata mfanyabiashara wa kuigharamia: nyigu anayejizalisha mwenyewe hauziki mara mbili, na akiruka mpaka haonyeshi pasipoti. Kazi ya namna hii inahitaji fedha za umma kutoka nchi nyingi na taasisi zinazofanya kazi pande zote mbili za bahari. Kwa kazi yake dhidi ya kidung'ata, Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati akiongoza icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu jijini Nairobi.

Mwaka 2008 kidung'ata yuleyule aligunduliwa Thailand. Wathai hawakulazimika kuanza msako upya Paraguay. Mwaka 2009 kituo cha IITA nchini Benin kiliwapelekea nyigu, nao Wathai wakawazalisha kwa wingi na kuwaachia mashambani mwaka uliofuata.